Mama Imekufa

Juzi kompyuta moja ya kazini kwetu iliungua. Nilikuwa dirishani pa mapokezi nikizungumza na mgonjwa, nikasikia mlio mdogo nyuma yangu, pap, kama punje ya bisi inavyopasuka sufuriani, na kabla sijageuka harufu ilikuwa ishanifikia: plastiki iliyopata moto, vumbi la kuungua, na ndani yake kitu kinachofanana na samaki aliyegandia chini ya kikaango. Wenzangu walikimbilia madirisha. Mimi nilisimama palepale, macho yamenijaa maji, mpaka dada mmoja akanishika mkono akanambia nitoke nje, moshi ule hauna heri. Sikumwambia kwamba hayakuwa machozi ya moshi. Harufu ile naijua tangu utotoni, na siku niliyoinusa kwa mara ya kwanza ndiyo siku niliyojua kuwa mama yangu amekufa.

Hakufa. Yu hai mpaka leo, alhamdulillahi, na akipata mtu wa kuzungumza naye hachoki. Lakini mimi nilimlilia, na kilio kile kilikuwa kilio cha kweli.

Nilikuwa nimeanza skuli, na meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, bado hayajaota mengine. Mama alikuwa amekwenda Maskati kumtunza bi kizee mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka, akaniacha kwa Bibi, mama yake, katika nyumba yetu ya Kiponda, Unguja. Juu tulikaa watatu: mimi, Bibi, na Rukia, mdogo wake Mama, niliyekuwa nikimwita Khalati. Chini, katika chumba kilichokuwa zamani duka la vitambaa, Khalati alitengeneza kompyuta. Watu walichungulia mlangoni wakauliza fundi yuko wapi, naye akawajibu, bila kuinua kichwa, kwamba wakae, fundi anawaona sasa hivi.

Zilikuwa kompyuta za mezani za siku zile, makasha mazito yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, yaliyoletwa kwa rikwama za kusukuma kutoka maofisini na maskulini. Mji Mkongwe hauna huruma na vyuma. Upepo wa baharini huingia na chumvi yake, kuta humwaga chokaa kama unga wa ngano, na mijusi hupenda joto. Khalati alipofungua ubavu wa kasha nilikuwa nikisogea karibu, maana huwezi kujua ndani mna nini: siku moja vumbi limeshonana kama blanketi, siku nyingine mjusi amekaukia kwenye feni. Lakini kabla ya kufungua alikuwa akisikiliza. Aliwasha mashine, akainamisha sikio, akangoja. Mlio mmoja mfupi ulikuwa salamu, mambo ni mazuri. Mlio mrefu unaorudiwa ulikuwa malalamiko, na kila lalamiko lilikuwa na maana yake. Mara nyingi alichomoa kijiti cha kumbukumbu, ile RAM ya mashine, akasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wangu wa skuli mpaka yakang'aa, akakirudisha, na mashine ikaamka. Sikupata kuwa na ufutio uliokaa wiki nzima.

Katika pembe ya chumba ilikuwapo kompyuta yake mwenyewe, na juu yake kamera ndogo kama jicho la samaki. Hiyo ndiyo iliyotuletea Mama. Kila Ijumaa, wakati bi kizee wake amelala, Mama alikwenda kwenye duka la mtandao la mtaani kwao akatupigia. Bibi alijiandaa kama anayekwenda harusini. Alivaa kanga mpya, akajifukiza udi, akateremka ngazi polepole akakaa mbele ya kioo cha mashine, na alipozungumza alipaza sauti ili ifike Maskati. Uso wa Mama ulikuja vipande vipande, midomo ikitangulia na sauti ikifuata nyuma. Aliniuliza nimekula nini, nimefika wapi chuoni, kwenye Kurani, nimemsaidia Bibi nini. Kisha picha ikaganda mdomo ukiwa wazi, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu.

Ndipo umeme ukatutoka. Si kukatika kwa saa au kwa siku, kama tulivyozoea. Kisiwa kizima kilizima, na watu wazima wakasema waya unaopita chini ya bahari umeharibika na hautapona karibuni. Vichochoro vilijaa ngurumo za jenereta na moshi wa mafuta. Maji tulikuwa tukiyafuata kwa ndoo. Simu zilipelekwa kutiwa chaji kwa wenye majenereta, zikarudi na chaji ya kubahatisha, na namba ya nyumba aliyokaa Mama kila ikipigwa ilinyamaza. Karakana ya Khalati ikawa kimya kama chumba cha mgonjwa, mashine za watu zimepangwa ukutani, hakuna inayolia.

Ijumaa zilipita bila ya Mama. Bibi hakulalamika, ila alianza kuuliza jambo moja mara nyingi: Maskati nako umeme umekatika? Khalati akaona haifai. Akaenda kumwomba fundi cherehani wa mkabala, mzee mpole aliyekuwa na jenereta ya kuendeshea vyerehani vyake, akakubaliwa. Ijumaa ile waya ulipitishwa juu ya kichochoro, kutoka dirisha lake hadi letu. Bibi alikuwa bado juu anajifukiza. Mimi nilikaa kizingitini na bati la skrubu mapajani, maana Khalati alinipa kazi ya kuzichagua, ndogo kwa kubwa.

Akawasha. Feni ikazunguka, ule mlio wa salamu ukatoka, na nikaona mabega ya Khalati yakishuka kwa raha. Kisha huko nje jenereta ikapandisha sauti ghafla, kama mtu aliyetukanwa. Balbu ya karakana ikawa nyeupe, nyeupe kupita kiasi. Pap. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kasha, na harufu ile.

Khalati alichomoa waya, akafungua ubavu, akamulika kwa tochi, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini sakafuni, yeye ambaye hakuwa akikaa saa za kazi. Akachukua simu akampigia Shaaban, fundi mwenzake wa Mtoni waliyesoma naye.

"Shaaban," alisema, "mama imekufa."

Akasikiliza. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini: "Imeungua. Hapana, hakuna la kufanya, nshaiangalia. Bi mkubwa asijue kwanza, atavunjika moyo. Ntamwambia mtandao mbaya."

Leo nnajua alichosema. Kila kompyuta ina bodi moja kubwa inayobeba nyingine zote, na mafundi wengi huiita madabodi. Lakini mwalimu aliyewafundisha Khalati na Shaaban alipenda mambo ya Kiswahili, akawafundisha kuiita bodi mama, nao wakaifupisha: mama. Mama imepata kutu, mama imeungua, mama imekufa. Mimi nilikuwa mgeni wa lugha ile ya mafundi, na sikuwa na mama zaidi ya mmoja.

Watu wakinisikia nikihadithia huniuliza kama sikuona kuwa maneno yale hayakukaa sawa. Mtoto wa Unguja anajua tangu kunyonya kwamba mtu hawi "imekufa," mtu ni "amekufa." Niliona. Hilo ndilo lililonithibitishia. Muda mfupi kabla yake alikuwa amefariki jirani yetu, nami nilisimama ngazini nikasikia watu wazima wakiulizana: maiti imeshaoshwa? Maiti inatoka saa ngapi? Mtu yuleyule ambaye juzi alikuwa "anakuja" na "anacheka," sasa alikuwa "inatoka." Nikaelewa, peke yangu bila ya kufundishwa, kwamba mtu akishakufa hubadilishiwa hata maneno. Kwa hiyo Khalati aliposema imekufa, nilijua kuwa amesema sawasawa kabisa.

Bibi aliteremka amevaa vizuri, akaambiwa mtandao mbaya. Alisimama kidogo akiangalia ile mashine, akasema haidhuru, Ijumaa ijayo inshallah, akapanda tena. Nilimwangalia mgongo wake ukipanda ngazi, nikaamua kuwa mimi pia nitaficha. Kama Khalati aliweza kuwa na siri ile na bado akapika, na mimi nitaweza.

Sikucheza kamba tena. Kanga aliyoniachia Mama niliikunja nikaiweka chini ya mto, maana nilisikia kuwa nguo za marehemu hazivaliwi ovyo. Na kwa kuwa tulifundishwa chuoni kwamba dua ya mtoto humfikia mzazi wake, kila alasiri nilikaa kwenye ngazi za kwenda darini, mahali pasipopita mtu, nikamsomea sura fupi ya Kulhuwallahu. Sura nyingine bado sikuwa nimezihifadhi vizuri. Lakini hapo nikapata shida ambayo sikuitarajia. Mwalimu wetu, Bi Saada, alikuwa mkali wa herufi. Swadi ikiwa sini alikurudisha mwanzo, na alituambia kuwa herufi ikivunjika na maana imevunjika. Mimi na pengo langu, kila nilipofika "swamad" upepo ulinitoka mdomoni kama tairi la baiskeli. Nilirudia na kurudia. Nikaanza kulia, si kwa sababu Mama amekufa, bali kwa sababu nilikuwa nikimpelekea kitu kilichovunjika, na huko aliko hana mtu mwingine wa kumpelekea, maana wengine hawajui na anayejua amenyamaza.

Jumatano mchana, chuoni, wenzangu walipotoka mimi nilibaki. Nilimwambia Bi Saada kwamba nna haja. Nilimwomba amsomee mama yangu Yasini, ile sura wanayosomewa marehemu, kwa sababu mimi meno yangu hayajaota.

Bi Saada aliweka chini kifimbo chake. Aliniuliza kwa upole mama yangu ana nini. Nikamwambia amekufa huko Maskati, Khalati ndiye anayejua, Bibi bado hajaambiwa. Hakuniuliza zaidi. Alinivuta, akanifunika kwa upindo wa buibui lake, na hapo ndipo nilipolia kilio changu chote, nikaulowesha ule upindo.

Yeye alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa taratibu. Aliona kuwa Rukia, msichana peke yake, amebeba mzigo uliomzidi, na kwamba habari kama ile mama mtu hufikishiwa na wanawake wazima. Basi baada ya sala ya alasiri alikuja Kiponda na majirani wawili, wamejitanda, wamekusudia kuzungumza na Khalati kwanza. Lakini Khalati alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Aliyekuwako barazani ni Bibi.

Bibi aliwaona tangu mwanzo wa kichochoro, wanawake watatu wasiozungumza. Aliyeishi Mji Mkongwe anajua maana ya wanawake kutembea hivyo. Aliinuka akashika nguzo ya mlango.

"Karibuni," alisema. "Nani?"

Bi Saada alimwamkia, akamshika mkono, akashindwa kujua aanzie wapi, akasema tu, "Bi Asha, Mungu akupe subira."

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza ni yule wa Maskati? Na waliponyamaza, alikaa palepale juu ya baraza, polepole, kama anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika. Majirani wengine wakaanza kufungua milango. Mmoja alianza kulia, na Bibi akainua mkono kumnyamazisha. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya mlango, nikaona kuwa siri imetoka, na kwa dakika ile niliona nafuu: sasa Mama atasomewa na watu wenye meno.

Khalati alitokea na ndoo zake akakuta watu. Aliziacha zikamwagika. Aliuliza nani kafa, na kila mtu akamwangalia yeye. Bi Saada akasema, "Si wewe uliyepokea habari, Rukia?" Naye akajibu kuwa hakupokea habari yoyote, habari gani, kutoka kwa nani? Ikabidi mimi nitoke.

"Ulimwambia Shaaban kwenye simu," nilisema. "Ulisema mama imekufa, na Bibi asijue."

Nakumbuka jinsi uso wake ulivyokwenda mbali kutafuta, kisha ukarudi. Aliingia karakanani akatoka na ile bodi, kijani, imeungua pembeni, na vikopo vyake vidogo vya kuhifadhi umeme vimevimba vichwa. Aliiweka mbele ya wale wanawake akaeleza, akichanganya maneno, kwamba mama ndiyo hii, mama ya kompyuta, ndivyo wanavyoiita. Mtu mmoja nyuma akacheka, kile kicheko cha hofu iliyotoka. Kisha wakacheka wengine, na Bi Saada akaziba uso kwa mkono akimwomba Mungu msamaha.

Bibi hakucheka. Aliiangalia ile bodi, kisha akamwangalia Khalati.

"Wewe umemsikia lini dada yako?"

Sote tulikuwa hatujamsikia tangu giza liingie.

"Basi mimi usinioneshe chuma," alisema Bibi. "Nnataka sauti ya mwanangu. Sijalia, na sitaamini mpaka niisikie."

Kicheko kikaisha. Nikaona kuwa watu wazima nao hawajui. Hakuna aliyesema kuwa Mama amekufa, lakini pia hakukuwa na mmoja wetu aliyeweza kuapa kuwa yu hai.

Kesho yake asubuhi Shaaban alikuja kutoka Mtoni na vespa yake. Mbele, katikati ya miguu, alikuwa amebeba mashine nzito ya kutuliza umeme, ile inayozuia umeme wa jenereta usiruke, na mgongoni mkoba wenye bodi nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta yake ya zamani. Bibi alitandika mkeka karakanani, mahali ambapo hakuwahi kukaa ila siku za Ijumaa, akashika tasbihi yake akawaangalia. Alikataa chakula. Mimi nilikaa kando yake, na bado sikuwa nimeamini chochote. Niliona wanafanya haya yote ili kumtuliza Bibi.

Walifunga bodi mpya, wakahamisha kila kitu, wakawasha. Kimya. Hata feni haikutikisika. Shaaban alisema labda na hii imekwisha, ilikaa sana stoo. Khalati akakataa. Alimwambia kwamba mgonjwa asiyesema anaumwa wapi huvuliwa kila kitu, kisha akavishwa kimoja kimoja. Akachomoa vyote, akabakisha vile ambavyo mashine haiwezi kuishi bila ya hivyo. Akabadilisha kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha kwa kingine kutoka rundo la mabovu. Feni ikazunguka, na mashine ikalia: mlio mrefu, kimya, mlio mrefu. Bibi aliuliza mbona inalia. Khalati akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu jana, kwamba inayolia ina uhai. Akanyoosha mkono nyuma bila ya kuangalia, nami nikamtilia ufutio kiganjani. Akasugua kile kijiti cha kumbukumbu, akakipulizia, akakirudisha mpaka kikafanya tik. Wakawasha. Mlio mmoja, mfupi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Fundi cherehani alisimamisha kazi zake zote ili jenereta ile isiwe na mzigo mwingine. Tulikaa mbele ya kioo, Bi Saada naye amekuja. Muda wa kawaida wa Mama kupiga ukapita. Bibi alikuwa akisogeza punje za tasbihi, midomo imefunga. Kisha mashine ikaita, na Khalati akabonyeza haraka mpaka akakosea, akabonyeza tena.

Uso wa Mama ulikuja vipande vipande. Alikuwa akilia kabla yetu. Alikuwa amesikia kuwa Unguja imezima, kila Ijumaa amekuja dukani hapo akapiga bila ya kujibiwa, na alikuwa ameshajiaminisha kwamba Bibi amefariki na tunamficha. Bibi aliweka kiganja juu ya kioo, akasema, "Mimi huyu," kisha akalia, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akilia mbele za watu.

Wakaniita mimi. Sikwenda. Khalati alinisukuma kidogo, na Mama akawa ananiita jina langu, lakini mimi nilikuwa na hoja yangu. Nyumbani tulikuwa na kanda ya video ya harusi ya jamaa yetu mmoja, na ndani yake Babu, ambaye alikuwa kaburini, alikuwa akitembea, akicheka, akila biriani. Kumwona mtu akisema kwenye kioo hakukuwa na maana yoyote kwangu. Nikasimama mbali, nikamuuliza swali moja.

"Nimevaa nini?"

Midomo ya Mama ikatangulia, sauti ikafuata.

"Gauni la manjano," alisema. "Na nywele hawajakusuka. Na huko nyuma unaficha kitu mkononi."

Nilikuwa nimeficha kanga yake. Babu wa kwenye kanda hakuwahi kuniambia nimevaa nini. Nikaenda mbio mpaka nikagonga meza, na kamera ikaanguka, na Mama akabaki akiangalia dari huku akiita, na sote tukicheka na kulia mpaka Shaaban alipoirudisha mahali pake.

Mama alirudi kabla ya Ramadhani. Aliulizwa na jamaa kwa nini amekatisha, kazi yenyewe ilikuwa nzuri na bi kizee yule alimpenda. Alijibu kwamba hawezi kukaa mahali ambapo mwanawe anaweza kumzika na yeye asiwe na habari. Hakuondoka tena. Khalati naye kuanzia siku zile aliwaambia wateja kwamba bodi kubwa imeungua, na Shaaban alipojisahau akasema lile neno jingine, alitupiwa kitambaa cha vumbi.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku yake ilipofika ilikuwa mchana wa jua, madirisha yako wazi, na kelele za watoto zinapanda kutoka kichochoroni. Khalati alikuwa miguuni pake, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, na Mama alikuwa amemlaza kichwa mapajani akimsomea taratibu, mdomo karibu na sikio lake. Roho ilipotoka, Mama akamfumba macho. Baadaye mtu aliuliza ni nani wa nyumbani ambaye hajapigiwa simu, na hatukuwa na wa kumtaja: wote wa nyumbani tulikuwa mle chumbani.